Mchumba wa Wodi ya Wanawake

"Unamfahamu huyu kijana?"

"Nani, huyu? Hapana mama. Simjui."

Spana alisimama katikati ya wodi ya wanawake, bedpani, beseni la haja la mgonjwa, mkononi imefunikwa kwa kitambaa cheupe, akamtazama msichana aliyetamka maneno hayo. Alikuwa mchumba wake. Asubuhi ile ile alikuwa amemwandikia kwenye simu: "Kazi njema, mume wangu mtarajiwa." Sasa alikuwa amesimama kando ya kitanda cha shangazi yake, macho yake yameng'ang'ania sakafu kana kwamba ameangusha hereni.

"Kama humjui mbona umeganda kama umeona jini?" mama yake aliuliza.

"Harufu ya dawa tu, mama."

Shangazi mtu, aliyelazwa kwa kuvunjika nyonga baada ya kuteleza bafuni, aliinua mkono kutoka kwenye shuka.

"Msimtishe mwanangu! Huyu ndiye anayenihangaikia humu ndani. Ana mikono mepesi kuliko mabinti zenu wote. Njoo baba, uwasalimie wageni wangu."

Spana alisogea. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama alimpandisha na kumshusha kwa macho, kuanzia viatu hadi kola ya sare, halafu akatua kwenye bedpani. "Nesi? Na mwili wote huo? Ulikosa kabisa kazi ya kiume?"

"Hii ndiyo kazi niliyoitafuta, mama."

"Haya. Kila ndege na mti wake."

Mama akacheka. Na binti yake naye akacheka. Kicheko kidogo, cha kujificha nyuma ya kicheko cha mama, lakini Spana alikisikia, kikamwingia kama sindano butu.

"Karibuni," alisema, akaenda zake.

Kwenye chumba cha kuoshea vyombo aliibamiza ile bedpani kwenye sinki mpaka Sista msimamizi wa wodi akaja mbio.

"Hicho chombo kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea, Sista."

"Basi kiache kipumzike. Ukiwa na hasira, osha mikono, kaa pembeni. Usimguse mgonjwa. Hasira ina vidole vizito."

Spana alifungua bomba. Maji yalimwagika juu ya vidole vyake na hasira haikutoka.

Jina la Spana alilitoa gereji. Alikuwa fundi wa magari, tena fundi wa kusifiwa, mpaka baba yake alipopigwa na kiharusi akalala upande mmoja. Yeye ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha, na alipokwenda kumzika alikuwa ameshajua anachotaka kufanya na maisha yake. Akaacha spana zake gereji, akajiunga na chuo cha hospitali kusomea stashahada ya uuguzi. Darasa zima wasichana, isipokuwa yeye na wanaume wengine wawili. Nesi wa kuanzia chini kabisa ya ngazi: kutandika, kuogesha, kupima joto, kusafisha vidonda, kugeuza wagonjwa wasipate vidonda vya kulalia. Mafundi wenzake walimcheka hadi wakachoka. Mtu mmoja tu hakumcheka, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akimpelekea chai getini na kumuuliza, "Leo umejifunza nini?" Spana akawa anamwita Mwalimu, hata baada ya kumchumbia.

Ndiyo maana kile kicheko kilimuuma hivyo.

Simu ililia mfukoni mwake alipotoka zamu.

"Spana nisamehe. Nitakueleza. Usikasirike tafadhali."

Akajibu: "Samahani, umekosea namba. Mimi simjui mwenye simu hii."

"Usinifanyie hivyo mpenzi."

"Mpenzi wako ni nani? Muulize mama yako."

"Niko kwenye kibanda cha chai nje ya chuo. Siondoki mpaka uje."

Alikwenda. Alijiambia anakwenda kumaliza maneno, lakini alitembea haraka kuliko mtu anayekwenda kumaliza maneno.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, kikombe mbele yake hakijaguswa. Alitaka kusimama, Spana akamwonyesha kwa mkono akae.

"Nieleze."

"Nilishtuka. Sikujua uko wodi ile."

"Ulishtuka. Mtu akishtuka anasema 'yalaa'. Wewe ulisema hunijui."

"Spana, mama hajui kama unasomea unesi."

"Anajua nasomea nini?"

Mwalimu aliuzungusha mkono wa kikombe.

"Nakuuliza. Mama yako anajua mchumba wako anasomea nini?"

"Udaktari."

Muuza chai alikuwa akifuta meza ya jirani. Kitambaa chake kilisimama.

"Rudia."

"Nilimwambia unasomea udaktari. Mwaka wa mwisho. Spana, nisikilize kwanza! Dada yangu ameolewa na injinia. Kila siku nyumbani ni injinia hivi, injinia vile, injinia kanunua kochi. Mama aliponiuliza wangu ni nani, nilifungua mdomo niseme nesi, likatoka daktari."

"Likatoka lenyewe."

"Likatoka. Na likishatoka, unalirudishaje? Ameshawaambia mama wadogo, majirani, kila mtu. Wanajiandaa kuwapokea wazee wako!"

"Kwa hiyo miezi yote hii, nikikwambia twende kwenu nikawasalimie, ukasema mama anaumwa, mama amesafiri, mama ana wageni..."

"Nilikuwa natafuta namna."

"Ulikuwa unanificha!" Spana alipiga meza, chai ikamwagika. "Unanificha kama mtu anayeficha upele! Mimi nikitoka zamu nanuka dawa, nakwambia leo nimemlisha mzee akameza kwa mara ya kwanza, unaniambia 'hongera mpenzi'. Kumbe ukigeuka, aibu!"

"Sikuonei aibu!"

"Ulicheka."

"Mama alicheka!"

"Na wewe ulicheka. Nilikuwa nimesimama pale na haja ya shangazi yako mkononi, ukacheka."

Mwalimu akaanza kulia. Siku nyingine machozi hayo yangemmaliza Spana. Siku hiyo yalimwongezea hasira.

"Sasa unataka nini? Umenikalisha hapa kwa sababu unataka kitu. Sema."

"Sasa mama ameshakuona sura," alisema kwa sauti ya chini. "Shangazi akiendelea kukusifu, mama atakuwa anakuja kila siku, atakuzoea. Wazee wakija nyumbani atakutambua palepale. Nilikuwa nafikiri... ungeomba uhamishwe wodi. Mpaka shangazi atoke. Halafu tuvute muda kidogo, mama asahau."

"Nihame wodi."

"Kwa muda tu."

"Unajua shangazi yako ndiye mgonjwa niliyepangiwa kwa mtihani wa vitendo? Mkufunzi anakuja kunisimamia kitandani kwake. Nimemhudumia tangu ametoka chumba cha upasuaji. Nikihama sasa, nimefeli, narudia muhula mzima."

"Muhula mmoja, Spana. Mimi ni maisha yako yote."

Alimtazama kwa muda mrefu. Alitaka kuona kama amesikia alichokisema yeye mwenyewe. Hakuwa amesikia.

"Nenda kamwambie mama yako ukweli," alisema, akasimama. "Ukishamwambia, nipigie. Kabla ya hapo usinipigie."

"Na nikishindwa?"

"Basi kaolewe na huyo daktari."

Mwalimu hakupiga simu. Spana aliendelea kwenda wodini. Asubuhi alipima joto, aligawa vidonge akiwa na Sista, akamgeuza shangazi upande, akamweka mto kati ya miguu. Kila alipomwosha alikuwa na mwanafunzi mwenzake, msichana waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Leo umenuna tena," Kasuku alimnong'oneza wakikunja shuka. "Umeachwa?"

"Kunja shuka."

"Umeachwa. Nilijua. Aliyekuacha hana macho. Mimi nisingekuwa na mtu wangu ningekuokota."

"Kasuku, kona ya shuka."

"Kona nimeona. Mama, eti huyu kijana si mzuri?"

"Mzuri sana," shangazi alijibu akicheka huku akishika ubavu. "Nina mtoto wa kaka yangu, mwalimu. Isingekuwa ameshapata daktari wake, ningemwozesha huyu leo leo."

Spana alishika ndoo ya maji, akatoka nayo ingawa maji yake yalikuwa bado safi.

Siku iliyofuata alikuwa njiani kwenda hospitali simu yake ilipoita. Kasuku.

"Uko wapi?"

"Nakaribia geti."

"Usiingie wodini. Nenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa chuo. Spana... mimi niko upande wako. Wakiniita nitasema. Nitasema mpaka wanifukuze."

"Useme nini? Kuna nini?"

"Nenda tu."

Mkuu wa chuo, mama mwenye miwani na sauti ya upole, hakumkaribisha kiti.

"Familia ya mgonjwa wako wa nyonga imeleta malalamiko. Wanasema umekuwa ukimshika mgonjwa isivyostahili wakati wa kumwogesha."

Spana alishika ukingo wa meza.

"Nani amesema hivyo, madamu?"

"Wifi yake. Alikuja jana jioni, akapiga kelele mpaka kwenye ofisi ya mganga mkuu. Anasema aliyemfungua macho ni binti yake."

"Binti yake yupi?"

"Yule mwalimu."

Neno lilimpita sikioni, likarudi, likaingia. Mkuu wa chuo aliendelea kuzungumza: hataingia wodini mpaka jambo lisikilizwe, atavua kitambulisho, akae mbali na wagonjwa. Spana alikivua kitambulisho, akakiweka mezani.

Nje, chini ya ukuta wa chumba cha kufulia, alipiga simu. Ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Spana! Nilikuwa nataka kuku..."

"Umemwambia nini mama yako?"

"Nisikilize..."

"Umemwambia nini!"

"Nilimwambia tu kwamba si vizuri mwanaume kumwogesha shangazi. Kwamba waombe nesi wa kike. Basi! Nilidhani watakubadilisha tu kitanda, ungebaki wodini. Hayo mengine mama ameongeza mwenyewe njiani, naapa."

"Alipokuwa anayaongeza, wewe ulikuwa wapi?"

"Spana, tafadhali..."

"Nijibu!"

"Nilikuwa naye."

"Ulikuwa naye pale ofisini?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Ukasikia anasema mimi nashika wagonjwa vibaya. Shangazi yako, mwanamke mwenye umri wa mama yangu. Ukasikia."

"Nilinyamaza," alisema akilia. "Nilinyamaza, Spana. Sikujua nianzie wapi."

"Unajua nesi wa kiume akishachafuliwa kwa neno hilo anakuwa nani? Hakuna hospitali itakayonifungulia geti. Hata nikirudi gereji, watu wataficha mama zao nikipita! Mwanamke, umenizika nikiwa natembea!"

"Nitarekebisha. Naapa nitarekebisha."

"Usirekebishe! Kurekebisha ndiko kulikotufikisha hapa. Sema ukweli tu."

Akakata simu. Akakaa pale chini, mgongo ukutani, mvuke wa mashuka yaliyochemshwa ukimpita usoni.

Sista ndiye aliyekataa jambo hilo lisikilizwe ofisini.

"Mgonjwa ana akili zake timamu na ulimi wake mzima," alimwambia mkuu wa chuo. "Mwili unaozungumziwa ni wake. Aulizwe yeye."

Basi wakakusanyika kitandani kwa shangazi, pazia limevutwa pande zote. Mkuu wa chuo na miwani yake. Sista mikono kifuani. Kasuku anayeuma mdomo asiseme kabla ya wakati. Mama, amevaa kama anayekwenda harusini. Nyuma yake Mwalimu, macho yamevimba. Spana alikaa miguuni mwa kitanda, ndani ya shati la nyumbani, hajui mikono aiweke wapi bila sare.

Mkuu wa chuo alieleza malalamiko. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama.

"Wifi. Nani alikutuma uje kuusemea mwili wangu?"

"Wifi, mimi nilikuwa nakulinda. Wewe umelala hapo hujiwezi..."

"Nimevunjika nyonga, sikuvunjika mdomo! Ulikuja lini ukaniuliza? Ulikuja, ukakaa dakika chache, ukalalamika joto, ukala machungwa yangu, ukaondoka. Madamu, andika. Huyu kijana akija kuniogesha, huyu binti anakuwepo. Pazia linavutwa kama hivi. Sehemu zangu za siri ananisafisha binti, yeye anashika mguu usipinde. Na kabla ya kunigusa ananiambia, 'Mama, naomba ruhusa nikugeuze.' Ruhusa! Marehemu mume wangu tumeishi naye mpaka mvi, hakuwahi kuniomba ruhusa ya kitu chochote!"

Kasuku aliangua kicheko, akakiziba kwa viganja. Sista alimtazama, lakini mdomo wake mwenyewe ulikuwa unacheza.

"Ni kweli," Kasuku alidakia. "Nipo kila siku. Na leo asubuhi mama hajageuzwa kwa wakati kwa sababu mmemtoa yeye, mgongo umeanza kuwa mwekundu. Mtazameni wenyewe."

Mkuu wa chuo alivua miwani. "Basi haya maneno yametoka wapi?"

Mama aligeuka. "Kwa huyu hapa. Si wewe uliyeniambia huyu nesi hafai kuwa karibu na shangazi yako? Sema basi, mbona unanitazama? Sema uliona nini!"

Mwalimu alishika chuma cha kitanda.

"Sikuona kitu."

"Hukuona kitu?"

"Sikuona kitu, mama. Nilitaka tu aondoke wodini." Alivuta pumzi. "Namjua. Nimemjua siku nyingi. Huyu ndiye mchumba wangu."

"Mchumba wako ni daktari."

"Hakuna daktari, mama. Hajawahi kuwepo. Yupo huyu tu. Nilikudanganya, halafu nikaogopa utamtambua, nikatafuta njia aondolewe. Hajamfanyia shangazi ubaya wowote. Mimi ndiye niliyemfanyia."

Nje ya pazia mgonjwa mmoja alikohoa.

"Yaani," mama alisema polepole, "nimewatangazia ukoo mzima. Nimesimama kanisa... nimesimama mbele za watu nikajigamba. Kumbe najigambia mbeba mikojo!"

"Wifi!" shangazi alinguruma. "Mikojo anayoibeba ni yangu! Mbona wewe ulipoombwa uje unishike mkono ulisema kiuno kinauma? Unadhani huyu mtoto uongo aliutoa wapi? Aliutoa kwenye meno yako, unavyowapima watu kwa vyeo tangu yuko tumboni! Madamu, huyu mama aombe radhi. Asipoomba, mimi mguu wangu ukipona nitakuwa na safari moja tu, ya kwenda kumshtaki."

Mama aliomba radhi. Aliiomba kwa mkuu wa chuo, kwa Kiswahili kizuri sana, bila kumtazama Spana.

Kwenye korido alimwita pembeni.

"Kijana. Ile siku ungeniambia tu wewe ni nani, haya yote yasingetokea."

"Ile siku nilikuwa kazini, mama. Na mtu wa kukuambia alikuwa amesimama kando yako."

"Haya, yamepita. Maji yakimwagika hayazoleki. Watu wameshajua kuna mchumba, siwezi kurudi kuwaambia hakuna. Waambie wazee wako waje. Nesi naye ni mtu."

Spana alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Mwaka mmoja nyuma, neno hilo la kuwaita wazee lingemfanya aruke. Sasa aliona tu jinsi lilivyotupwa, kama mfupa.

"Asante mama," alisema. "Wazee wangu hawatakuja."

Mwalimu alimkuta jioni kwenye benchi la nje ya bweni, sare yake ikiwa imekunjwa magotini. Hakuuliza kama anaweza kukaa. Alikaa.

"Mama ameniambia ulichomjibu."

"Ndiyo."

"Alikuudhi. Namjua mama, anaongea vibaya hata akiwa anaomba. Lakini hujamkataa yeye, umenikataa mimi."

"Ni kweli."

"Spana, nilisema! Mbele ya watu wote, mbele ya wodi nzima. Unajua sasa nyumbani naishije? Dada hanipokelei simu. Mama anapita kama haoni mtu. Nimejivua nguo mbele yao kwa ajili yako!"

"Umesema baada ya nyumba kushika moto hadi darini."

"Lakini nilisema!"

"Ulisema, na asante. Bila wewe kusema, lingebaki doa, watu wangesema shangazi ananifichia. Nakushukuru kwa hilo, tena kwa moyo wangu wote."

"Basi?"

"Basi nini?"

"Basi nisamehe!"

"Nimekusamehe."

Mwalimu alimtazama kwa matumaini ya ghafla, na matumaini hayo ndiyo yaliyomrudishia Spana hasira, hasira ya mtu anayelazimishwa kusema jambo ambalo hataki kulisema.

"Usinitazame hivyo! Nimekusamehe, lakini sikuoi. Sikia, mimi si mtu wa maneno. Nitavaa hii sare miaka yote. Nitarudi nyumbani nimechoka, nanuka kidonda cha mtu. Tukikutana na watu sokoni, nitakuwa nakutazama wewe kwanza, kuona kama leo natambulishwa au nafichwa. Mke wangu nimwogope hivyo? Nyumba gani hiyo?"

"Nimebadilika."

"Labda. Sitaki kuwa mimi wa kulijaribu hilo."

"Kwa hiyo kosa moja linafuta yote? Chai niliyokuletea, nilivyokaa na wewe kwenye msiba wa baba yako, yote?"

"Halifuti. Ingekuwa linafuta ingekuwa rahisi!" Sauti yake ilipasuka. "Unadhani sikupendi? Nakupenda mpaka sasa, ndicho kinachonitia wazimu! Angefanya mtu mwingine ningecheka. Wewe ulikaa mlangoni ukasikia wananiua, ukanyamaza. Wewe!"

Walilia wote wawili, kila mmoja ameangalia upande wake. Wasichana wa bweni walipita na ndoo za maji, wakaharakisha hatua mpaka walipokata kona.

"Ningekuwa na ujasiri kidogo tu," Mwalimu alisema mwishowe.

"Hata kidogo kingetosha."

Mwalimu alisimama, akajifuta uso kwa kiganja, akaondoka. Spana hakumfuata. Alikaa amekumbatia sare mpaka ikawa na mikunjo, ikabidi aipige pasi upya.

Mtihani wa vitendo aliufanya kitandani kwa shangazi, na mkufunzi hakuwa na la kusahihisha zaidi ya mwandiko. Shangazi mwenyewe alimsihi mara mbili tatu kuhusu mtoto wa kaka yake. "Mtoto amekoma, baba. Mtu akikoma anafaa." Spana alimjibu kwa upole kila mara, "Mama, tuinue mguu," na shangazi akaelewa, akaacha.

Siku ya kuruhusiwa, aliyekuja kumchukua alikuwa Mwalimu peke yake. Aliingia wodini akasalimia kitanda kwa kitanda. Alipofika kwa Spana alisimama wima.

"Habari za kazi, nesi."

"Nzuri. Umekuja na gari?"

"Teksi iko nje, dereva anasubiri."

"Sawa. Nisikilize vizuri, maana wewe ndiye utakayekaa naye." Spana alizungumza taratibu, kama anavyozungumza na familia yoyote. "Asikalie kiti kifupi. Asikunje nne. Akilala, mto katikati ya miguu. Atembee na fremu yake kila asubuhi na jioni, hata akikataa. Atakataa. Kidonda kikitoa maji au akipata homa, msisubiri, mleteni."

"Asikalie kiti kifupi," Mwalimu alirudia. "Asikunje nne. Mto katikati ya miguu. Fremu asubuhi na jioni. Homa au maji, tumlete."

"Hapo sawa."

"Na nikisahau?"

"Piga simu ya wodi. Aliye zamu atakujibu."

Aliitikia kwa kichwa. Wakamshika shangazi, mmoja kulia mmoja kushoto, wakampeleka polepole hadi kwenye gari. Spana alimpandisha, akampanga mguu, akafunga mlango. Mwalimu aliketi upande wa pili. Mikono yake ilikuwa imeshaushika mto, tayari.

Gari likaondoka. Spana aliendelea kulitazama mpaka geti lilipofungwa, halafu akageuka kwa sababu kulikuwa na kazi.

Alivua mashuka ya kitanda kile, akafuta godoro kwa dawa pande zote mbili, akatandika upya, akavuta kona mpaka zikakaza. Alikuwa hajamaliza foronya Kasuku alipoingia akisukuma kiti cha magurudumu. Juu yake alikaa mama mmoja mwembamba, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, uso umekunjamana kwa maumivu. Alimwona Spana, akajivuta nyuma kwenye kiti.

"Kumbe humu kuna wanaume?"

"Yupo mmoja tu, mama," Spana alisema. Alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Karibu. Mimi ndiye nesi wako."